Chakula Chenye Ganda

Katika nyumba ya mzee Mayala, pale Kisesa, mtu hakatai chakula hivi hivi. Kataa ushauri, kataa hata mchumba uliyetafutiwa. Watu watanuna kidogo, kisha yatakwisha. Lakini ukiketi mbele ya sahani iliyopikwa na mwanamke wa nyumba ile ukaacha kuigusa, umeshasema neno hata kama hukufungua mdomo. Umesema humwamini mpishi. Nathaniel alikulia humo na jambo hilo alilijua vizuri. Ndiyo maana inaudhi kidogo kwamba kijana wa chuo, mwenye akili zake timamu, alirudi likizo akafanya kana kwamba amelisahau.

Tuseme ukweli, hakulisahau. Alikuwa na jambo jingine lililomshinda nguvu, nalo lilianzia mbali na Kisesa.

Mwaka uliotangulia, kwaya ya wanafunzi aliyokuwa akiimba besi ilirekodi video juu ya mawe ya ziwani, Mwanza mjini, wavulana wamevaa mashati ya kitenge yaliyowabana. Video ilitoka nzuri. Watu waliusifu wimbo, wakayasifu mawe, na mtu mmoja asiyejulikana akaandika kwamba yule kibonge wa nyuma amemeza spika. Wanakwaya walicheka, na Nathaniel naye akacheka kwa sauti kuliko wote, maana kijana akichekwa afanye nini. Kisha akaenda kwenye chumba chake cha kupanga kule Igogo, akajifungia, akaitazama video ile mara nyingi, na kila mara hakuona kitu ila tumbo lake.

Nyumbani unene wake ulikuwa sifa. Mama yake mzazi alifariki kabla hajaanza shule, na Modesta, mke aliyeolewa baadaye, ndiye aliyemlea. Modesta hakujaliwa kuzaa. Yale mashavu ya Nathaniel aliyajaza yeye kwa uji, maziwa na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, ya karanga, akawaonyesha majirani kama mtu anavyoonyesha ng'ombe wake walionona. Kwake mwili ule ulikuwa kazi ya mikono yake, na hakuwahi kuwaza kwamba mwenye mwili angeuonea haya.

Wiki ile ile ya video, ushirika wa wanafunzi ulitangaza mfungo. Nathaniel alifunga pamoja na wenzake, na siku za mfungo zilipokwisha wenzake wakarudia chipsi na wali maharage, yeye akaendelea. Wakamsifu kwamba ana kiu ya Mungu. Kiongozi wa maombi alimsimamisha mbele ya wote awe mfano. Hakuna aliyemuuliza anaomba nini, na kwa kweli hakuwa anaomba chochote. Alikuwa anapungua tu, na kupungua kulimpa raha ya ajabu, raha ya mtu aliyepata hatimaye kitu anachokiweza kuliko wenzake. Baadaye raha ikaondoka, kukabaki kupungua peke yake, nako kukataka kutumikiwa kila siku.

Akajitungia sheria. Chakula kilichopikwa na mtu mwingine, kikachanganywa na mafuta ambayo yeye hakuyaona yakimiminwa, hakukigusa. Alikula chenye ganda: ndizi, chungwa, yai la kuchemsha, karanga alizozimenya mwenyewe. Chenye ganda alijua kilichomo na kiasi chake. Njaa ikimzidi akala kingine, alikwenda chooni akaingiza kidole kooni mpaka kirudi.

Chuo kizima, aliyemgundua ni mmoja tu. Aliitwa Atieno, msichana wa sauti ya kwanza, kwao Rorya mkoani Mara. Wanakwaya walikuwa na desturi ya kuchangia sinia moja la wali kwa mama ntilie, na Nathaniel alikuwa hodari wa kupeleka mkono kwenye sinia na kuurudisha bila kitu, huku akiongea sana ili asitazamwe. Atieno alimvuta pembeni akamwambia anaujua mchezo ule, kwa sababu yeye ana wa kwake. Yeye hula kuliko wote, husifiwa kwamba Wajaluo kweli wanajua kula samaki, kisha huenda kuvirudisha vyote. Tangu siku hiyo wakawa marafiki wa namna ya pekee, kila mmoja akilinda siri ya mwenzake. Muhula ulipokaribia kwisha, Atieno akamwambia ameanza kwenda kwa mshauri hospitalini, kwamba kumbe ni ugonjwa unaojulikana na una tiba, na akamwomba waende wote. Nathaniel akamjibu kwamba hayo ni magonjwa ya wasichana. Lilikuwa jibu la kijinga, lakini alilitoa kwa sauti yake nzito ya besi, likasikika kama la mtu anayejua.

Hivyo ndivyo alivyofika Kisesa likizo, suruali imekunjwa kiunoni kwa mkanda uliotobolewa matundu mapya.

Modesta alimshika mabega, akampapasa mpaka viwikoni. Aliuliza kama anaumwa, naye akasema ni mitihani. Siku hiyo akampikia wali na sato wa kuungwa. Nathaniel akasema amekula njiani. Kesho yake akamchemshia michembe ya karanga, kipenzi chake tangu utotoni. Akasema tumbo limemvuruga. Chuoni mikono kwenye sinia ilikuwa mingi na wa kwake ulipotea humo. Hapa wanaume waliokula pamoja walikuwa watatu tu: baba yake, baba yake mdogo Mashimba aliyejenga jirani, na yeye, kwa hiyo mkono uliorudi mtupu ulionekana. Akaacha kabisa kuketi nao. Alinunua ndizi na mayai barabarani, akayamenya mwenyewe mlangoni kwake. Modesta alipoona mtoto anapenda mayai, akamchemshia ya kuku wake, na kwa mapenzi akayamenya kabisa, akayapanga kwenye kisahani na chumvi pembeni. Nathaniel aliyashukuru, akayaacha pale mpaka nzi wakayapata.

Modesta aliyatoa mwenyewe, wala hakuuliza tena.

Aliyeuliza ni shangazi Wilhelmina, dada yake mzee Mayala, anayekaa Magu. Huyu hakuwahi kumpenda wifi yake, na hakuwahi kujisumbua kulificha hilo. Alimwita Nathaniel amsalimie. Siku aliyokwenda, shangazi alikuwa ametoka shambani amechoka, hana nguvu ya kuwasha moto, akaweka mbele ya mgeni chane ya ndizi na karanga za kukaanga na maganda yake. Nathaniel alikula kwa furaha, kwa sababu vyote viliangukia ndani ya sheria yake. Shangazi alimtazama akila huku akipiga hesabu zake. Kwangu anakula. Kwa yule mwanamke hali. Na hata huko akila, anakula kile ambacho mkono wa mtu hauwezi kuingia ndani yake. Wilhelmina mwenyewe aliwafundisha wanawe kwamba ukienda nyumba usiyoiamini, kula chenye ganda. Basi mtoto anaogopa sumu, na haya ya kusema ndiyo inayomziba mdomo.

Kosa lile lilikuwa na mantiki yake, na ndiyo sababu lilitembea haraka kutoka kinywani mwa shangazi hadi Kisesa. Modesta alikuwa akiuza vitumbua asubuhi kando ya barabara kuu, na kwa miaka mingi beseni lake lilirudi tupu. Sasa likaanza kurudi na nusu, kisha likarudi limejaa. Wanawake aliowazoea walianza kumsalimia wakiwa mbali na kupita upande wa pili. Jirani mmoja alimwita mtoto wake arudi akiwa ameshanyoosha mkono kupokea kitumbua. Modesta aliyasimulia hayo kwa mumewe mara moja tu, naye mzee Mayala akasema watu wana maneno. Lakini jioni yake, ugali ulipoletwa, mzee hakunyoosha mkono. Aliongea habari za mvua, akaongea habari za bei ya pamba, na ilikuwa wazi kwamba anangoja mkewe aonje kwanza. Modesta akaonja. Ndipo mzee akala.

Nathaniel aliliona hilo akiwa amekaa mlangoni kwake, na moyo ukamuuma kweli kweli. Yeye ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba Modesta hana kosa, na angeweza kulimaliza jambo lile kwa sentensi moja. Lakini angesemaje? Kwamba anaogopa kunenepa? Aseme hivyo mbele ya baba aliyekula mizizi mwaka wa njaa, mbele ya baba mdogo anayepima uanaume wa mtu kwa tonge lake? Akajiambia kwamba likizo inakaribia kwisha, kwamba akirudi chuoni maneno yatapoa. Alijua anajidanganya. Nchi ile ya Wasukuma, jina analopewa mwanamke kwa maneno ya namna hiyo huwa halipoi, na wapo waliofukuzwa, wapo waliofanyiwa mabaya zaidi ya kufukuzwa.

Jumapili, baada ya ibada, shangazi Wilhelmina alifika na wazee wa ukoo. Hakuzunguka sana. Alisema hamshitaki mtu, anataka tu moyo wake utulie: wifi apike, na mtoto ale mbele ya wote. Modesta hakubisha. Alichinja kuku, akapika wali, akaandaa sahani moja, akamwekea Nathaniel na maji ya kunawa, akaenda kusimama karibu na mlango wa jiko. Uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja majibu ya hospitali.

Nathaniel alikula. Tonge la kwanza alilimeza kwa kumtazama yeye. La pili na la tatu vilevile, na alipoona mabega ya Modesta yanashuka akaongeza la nne, akala nyama, akachovya mchuzi, sahani ikapungua nusu. Wazee wakaanza kuongea mambo mengine. Mashimba akatania kwamba kumbe mtoto ana tumbo kama la zamani. Hakukusudia ubaya, ni utani wa baba mdogo, lakini neno tumbo lilimwingia Nathaniel na likakaa. Akauhisi wali ukivimba ndani yake, akayahisi mafuta, akahisi shati linambana japo lilikuwa linapwaya. Alipigana nalo kidogo. Kisha akaomba udhuru, akapita nyuma ya nyumba hadi kwenye migomba, akafanya kile ambacho vidole vyake vilikuwa vimezoea kufanya.

Alipoinua kichwa, Mashimba alikuwa amesimama pale. Alikuwa amekuja kujisaidia, akaona kutapika tu, kidole hakukiona.

Habari ilifika barazani kabla ya Nathaniel. Alipotokea, wazee walikuwa wamesimama, na shangazi Wilhelmina alikuwa akisema taratibu, bila hasira, kwamba sasa kila mtu ameona kwa macho yake. Mzee mmoja akataka waitwe vijana wa ulinzi. Mzee Mayala alikuwa ameinamisha kichwa. Modesta alimtazama mumewe, akangoja, akaona hakuna neno linalotoka hapo. Basi akaja mpaka mkekani, akaketi, akaivuta sahani ile aliyoiacha Nathaniel, akaanza kula. Alikula makombo yote, tonge kwa tonge, akatafuna hata gegedu, na machozi yakimtiririka hakuyafuta kwa sababu mkono ulikuwa na kazi.

"Mama, acha," Nathaniel akasema. "Nimejitapisha mwenyewe."

Wote wakamgeukia. Akanyoosha mkono wake wa kulia, akawaonyesha sugu zilizoachwa na meno juu ya vifundo vya vidole. Akasema hufanya hivyo karibu kila siku, tangu mwaka jana. Akasema chakula cha mama hakina kitu, kwamba yeye anaogopa chakula chochote asichojua kiasi chake, cha mama, cha mama ntilie, hata cha mfalme. Akasema anaogopa kunenepa. Aliposema hivyo sauti ya besi ilimtoka yote, akabaki na sauti ya mtoto.

Mashimba akacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeelewa. Mzee Mayala akainua kichwa. "Unaogopa nini?" akauliza, naye Nathaniel akalazimika kulirudia. Shangazi Wilhelmina alitikisa kichwa kwa huruma. Alisema tangu azaliwe hajasikia mwanaume anayeogopa kushiba, kwamba hayo si maneno ya mtoto wao, na aliyemharibu tumbo ndiye aliyemharibu na akili ili amtetee.

Hapo Nathaniel akaelewa kwamba ukweli wake umechelewa na umekuwa mzigo mwingine juu ya kichwa cha mama yule yule. Akatoa simu. Alimpigia Atieno, na alipopokea akamwambia pale pale kwamba ameweka sauti ya nje, wapo baba yake na wazee, mama yake anasingiziwa kumlisha sumu, na hawamwamini. Akamwambia hamlazimishi. Mzee mmoja akauliza kama simu imekatika.

"Shikamoo baba," sauti ya Atieno ikasema. "Shikamooni wazee wote."

Wakaitikia marahaba bila kutaka, kwa mazoea.

"Mimi nasoma na Nathaniel. Nakula vizuri, halafu naenda kutapika kwa kidole. Nikiwa nyumbani mama yangu ndiye anayenipikia, na hajanilisha kitu kibaya hata siku moja. Ni ugonjwa, baba. Hospitali wanaujua, mimi natibiwa. Nathaniel nilimwambia tuende, akakataa kwa sababu ni mwanaume."

Mzee Mayala alisogea karibu na simu. Aliuliza swali moja tu, kama mama yake anajua.

"Bado. Nitamwambia leo, kabla hajasikia kwa watu."

Binti wa watu, kabila jingine, asiyeijua nyumba ile wala kumjua Modesta kwa sura, alikuwa amejivua nguo mbele ya wazee wasiomhusu, na kila aliyekuwa na binti aliuhisi uzito wake. Shangazi Wilhelmina alifunga kitenge chake upya, akasema kwamba hata hivyo mtoto aombewe. Msamaha hakuomba. Wazee wakaaga mmoja mmoja, wakimwita Modesta shemeji na mama kwa heshima iliyozidi kidogo, naye akawaitikia akiwa bado ameketi.

Mzee Mayala alikwenda mpaka kwenye jiko, akapakua wali uliobaki, akala amesimama, bila kungoja mtu aonje. Modesta alimwona. Akageuza uso.

Jua lilikuwa bado juu Nathaniel alipomfuata alikokuwa anaosha masufuria. Alitaka kuomba radhi na alikuwa ameshayapanga maneno, lakini Modesta alianza yeye.

"Uliniona nikirudi na vitumbua vyangu."

"Niliona, mama."

"Na jioni ile baba yako alipoacha kula, uliona?"

"Niliona."

"Ukanyamaza." Alisugua sufuria lililokuwa limeshatakata. "Miaka yote hii sikuwahi kujiita mama wa kambo. Safari hii nimejiita."

Nathaniel alichuchumaa, akachukua sufuria jingine, wakaosha pamoja mpaka vyombo vikaisha. Modesta alipokausha mikono aliuliza huyo mshauri yuko hospitali gani, na kama huwa anaonwa kwa zamu au mtu anafika tu. Akauliza kama dawa yake ni ya kumeza. Nathaniel akasema hajui, Atieno ndiye anayejua. Akasema pia kwamba hawezi kumwahidi kwamba kesho ataamka anakula. Modesta akasema hakumwomba ahadi. Kesho watakwenda wote wawili, asubuhi, na mpaka kituo cha basi watakwenda kwa miguu, kwa kupita barabara kuu.

Nathaniel akasema ipo njia ya nyuma iliyo fupi.

"Naijua," Modesta akasema.

Asubuhi wakatoka. Modesta alivaa gauni la kanisani, akamshika Nathaniel mkono kama anapelekwa darasa la kwanza, na hakuharakisha. Alisimama katika kila kibanda, akamsalimia mwenye nacho kwa jina, akauliza habari za watoto, akasema kwa sauti inayofika hadi ng'ambo kwamba mwanangu anaumwa nampeleka hospitali. Wanawake waliacha mizani na ndoo zao wakatazama. Waliyatazama mashavu yaliyoingia ndani, wakaitazama shingo, wakakitazama kiuno kilichofungwa mkanda, wakaupima mwili wake kwa macho kutoka juu hadi chini. Hicho ndicho alichokuwa akikikimbia mwaka mzima kwa njaa na kwa kidole. Miguu yake ilitaka kukimbia. Lakini kila jicho lililomaliza kumtazama yeye lilihamia kwa mwanamke aliyemshika mkono, na Nathaniel aliona kwamba likifika pale linalainika kidogo. Basi akapunguza mwendo, akainua uso, akawaacha wamtazame mpaka watosheke.